MIKWARUZO ILIYOKUWA NDANI



Kabla ya kuendelea kusoma, fungueni Biblia kwenye Kutoka mlango wa 34, pale Musa anaposhuka mlimani uso wake ukiwaka, naye anajifunika kitambaa. Kisha fungueni 2 Wakorinto mlango wa 3, pale mtume Paulo anapoleta sababu ambayo wengi wetu hatukufundishwa tulipokuwa watoto, kwamba kitambaa kile kilificha pia utukufu uliokuwa ukipungua. Someni polepole. Sisi tutawangoja hapa.

Habari yetu ya mwezi huu ni ya vioo vya motokari. Msicheke. Tunajua kwamba wengi wenu mnakwenda kwa miguu, na mwenye nafasi anapanda pikipiki, nayo pikipiki haina kioo cha kufunga. Lakini motokari tunayosema ni ile ya kanisa, iliyonunuliwa kwa sadaka zenu, tena kwa kuku na mihogo ambayo wamama walibeba kichwani kutoka mbali. Basi jambo lililotokea katika vioo vyake ni jambo lenu, na sisi wazee tuna deni la kuwaeleza. Tumechelewa kulilipa.

Motokari ile, kama nyingi za Ituri, ilizeeka kwanza kwa watu wengine. Ilitoka Ujapani, ikashuka melini Mombasa, ikapita Kampala, ikatufikia usukani ukiwa upande wa kuume. Vioo vyake vya nyuma vilikuwa vyeusi tangu kiwandani. Vioo vya namna hiyo rangi yake imo ndani ya kioo chenyewe, imechanganywa wakati kioo kilipokuwa bado kinayeyuka katika moto, wala hakuna mtu anayeweza kuitoa. Lakini vioo vya milango ya mbele vilikuwa vyeupe. Katika mwezi wa kwanza sisi wazee tukatafuta fundi, akatubandikia fime. Wengi hawajui fime ni kitu gani. Ni ngozi nyembamba sana ya plastiki yenye rangi ya giza, na upande mmoja ina gundi. Inabandikwa upande wa ndani wa kioo, maana ikiwekwa nje mvua na vumbi vitaiharibu upesi. Shikeni neno hilo, upande wa ndani, kwa sababu kesi yetu yote iko hapo.

Mlipotuuliza sababu ya fime, tuliwaambia ni jua. Si uongo kabisa, kwa maana fime inapunguza jua na ukali wa mwanga machoni. Tukasema pia ni usalama, kwa sababu ya wezi wa barabarani. Hiyo nayo ina ukweli kidogo. Lakini sababu iliyokuwa mbele ya zote mbili hatukuisema. Kutoka hapa mpaka Bunia ni kilometa zaidi ya 80 kupitia Iga Barrière, na katika njia hiyo kila siku kuna mtu anayeinua mkono: mama mwenye mtoto wa homa mgongoni, mzee mwenye mguu uliovimba, mwanafunzi aliyekosa nauli. Motokari yenye jina la kanisa mlangoni ikipita, wanainua mikono miwili. Tulichoka. Kwa vioo vyeupe macho yetu yalikutana na macho yao, na kupita kulikuwa kazi nzito. Kwa vioo vya fime tulipita, na hakuna aliyejua kama tulimwona.

Sasa sikieni habari ya mikwaruzo.

Baada ya miezi michache tuliona mistari katika kioo cha mlango wa mbele. Kwanza mmoja, kisha mingi, mistari myembamba myeupe iliyosimama wima kama nyuzi za kitambaa. Katikati yake ulikuwa mkwaruzo mwingine mkubwa, wa mshazari, mrefu kama kidole. Jua likipiga, mistari yote inawaka, na mtu wa nje akiweka jicho karibu anaweza kuona ndani. Mzee mmoja kati yetu alikasirika sana. Akasema, nani anaosha motokari hii?

Aliyeosha alikuwa kijana mmoja wa kanisa letu, mtoto wa mama mjane. Kila Jumamosi aliteka maji mtoni kwa ndoo mbili, akaosha motokari yote, nasi tulimpa dola 10 kwa mwezi. Tukamwita mbele ya baraza la wazee. Tukamwonyesha kioo. Akatazama, akasema, "Wababa, mimi ninaosha nje tu." Tukamwambia asijibu wakubwa namna hiyo. Akasema mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba yeye anaosha nje tu. Tukaandika katika kitabu cha baraza kwamba kijana ana uzembe na ukaidi, tukamkata dola 10 za mwezi ule ziwe za kutengeneza kioo, tukamwondoa kazini. Na kwa kuwa tulitaka vijana wengine wajifunze, Siku ya Bwana jina lake likasomwa mbele ya kanisa lote, mama yake akiwa ameketi kwenye mkeka wa tatu. Ninyi mlikuwapo. Mliitika.

Baada ya hapo tulianza kutibu kioo sisi wenyewe, na hapa tutasema kwa ufupi maana ni habari ya aibu. Mmoja alileta dawa ya meno, kwa sababu alisikia kwamba inafuta mikwaruzo. Tukasugua, fime ikapata ukungu kama jicho la mzee. Mwingine alileta dawa ya kuoshea vioo yenye harufu kali ya amonia, na hiyo ndiyo adui wa fime: pembeni ikaanza kuvimba mapovu. Wa tatu, na huyu alikuwa mtumishi wa Mungu aliyesoma sana, alichukua kalamu ya wino mweusi, akapaka mistari mmoja mmoja kwa mkono wake. Kwa siku chache tuliona imepona. Kisha jua la Mongbwalu likaula wino ule, ukawa zambarau. Tukapita katikati ya soko na kioo chenye mistari ya zambarau, na watoto wakatukimbilia nyuma wakishangilia.

Tulipofika Bunia kwa kazi nyingine tulimtafuta fundi wa vioo. Ni mtu mtulivu, si wa kanisa letu, wala hatujui kama anasali mahali popote. Tulimweleza jinsi yule kijana alivyoharibu kioo kwa kitambaa chenye mchanga. Hakujibu. Akachukua mkono wa mzee wetu aliyekuwa akisema, akapitisha ukucha wake juu ya kioo upande wa nje. Ukucha ukateleza bila kukwama popote. Akafungua mlango, akapitisha ukucha ule ule upande wa ndani. Ukakwama katika mstari wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Akauliza, "Huyo kijana alikuwa na ufunguo?"

Hakuwa nao. Ufunguo tuliushika sisi. Motokari ilioshwa ikiwa imefungwa, kwa sababu hatukumwamini mtu na sanduku la sadaka.

Ndugu wapendwa, tumesimama mbele yenu miaka mingi tukihubiri juu ya boriti na kibanzi, Matayo mlango wa 7. Tunaijua sura hiyo bila kitabu. Na bado watu wanne wenye mvi walimhukumu mtoto kwa mikwaruzo ya ndani ya motokari ambayo yeye hakuwahi kuingia. Alituambia mara mbili. Neno lake lilikuwa ushahidi wote uliohitajika, nasi tuliliandika kuwa ukaidi.

Yule fundi aliendelea kutufundisha, na tunawapa mafundisho yake kwa kuwa yana faida hata kwa mwenye dirisha la nyumba. Alisema kitambaa chenye vumbi kinaacha alama za kuzunguka, kufuata mwendo wa mkono. Mistari iliyosimama wima haitoki katika mkono wa mtu, inatoka katika mwendo wa kioo chenyewe kinaposhuka na kupanda. Chini ya dirisha, pale kioo kinapoingia mlangoni, kuna raba yenye manyoya mafupi inayokipangusa kioo. Vumbi likiingia katika manyoya yale linakaa, na kila mara unaposhusha kioo unakikuna kwa mchanga. Fundi alipitisha kipande cha kadi katika raba yetu, akatutolea mchanga uliojaa kijiko. Akaumwaga katika kiganja cha mzee. Haukuwa mwekundu tu kama udongo wa barabara. Ndani yake kulikuwa na chembe nyeupe zinazong'aa.

Tulizijua. Kila mtu wa Mongbwalu anazijua. Ni jiwe jeupe la kwarzi, lile linaloshika zahabu, lile ambalo vijana wetu wanalitoa mashimoni na kulitwanga na kulisaga mchana kutwa, na unga wake unakaa juu ya paa zetu na juu ya vyakula vyetu na katika vifua vya wanaosaga. Tangu zahabu ilipopatikana katika mto Agola mwaka 1903 jiwe hilo limevunjwa bila kupumzika. Wataalamu wa mawe wana kipimo cha ugumu chenye ngazi 10, kilichotungwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Kwarzi iko ngazi ya 7. Kioo kiko kati ya 5 na 6, na fime ya plastiki ni laini kuliko kioo. Zahabu yenyewe haifiki hata ngazi ya 3. Ukiisugua juu ya kioo haitaacha alama. Tunayoitafuta haiwezi kukwaruza kitu, na jiwe lake linakwaruza kila kitu. Mtu wa Mongbwalu hahitaji kuhubiriwa zaidi juu ya hilo.

Ule mkwaruzo mkubwa wa mshazari tuliutambua wenyewe njiani tukirudi. Mzee aliyekaa mbele huweka sanduku la sadaka juu ya magoti, upande wa mlango, ili lisionekane. Sanduku ni la bati. Tulipolisogeza karibu na kioo, pembe yake ilikaa juu ya mkwaruzo sawasawa, kama ufunguo katika kufuli.

Safari ile tulifika kwenye bariere jioni. Askari aliona vioo vya giza, akashika bunduki vizuri zaidi, akapiga kelele tushushe kioo na kuwasha taa ya ndani. Shofere akashusha, nasi tukaisikia sauti ya mchanga ndani ya mlango, sauti ambayo tulikuwa tumeisikia miezi yote bila kuisikiliza. Askari alipoona mavazi yetu meupe alicheka kwa kupumua. Akasema, "Wababa, mnatutisha bure."

Neno hilo lilitukaa. Kwa maana mji wetu una kumbukumbu. Kati ya mwaka 2002 na 2003 Mongbwalu ilichukuliwa na vikundi vyenye silaha, kimoja baada ya kingine, kwa ajili ya zahabu hiyo hiyo. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2005 kwamba raia wasiopungua 2,000 waliuawa katika eneo la Mongbwalu kati ya Juni 2002 na Septemba 2004. Wengi wenu mlizika, na wengine hamkupata wa kuzika. Mtu aliyepita katika siku zile, motokari yenye vioo vyeusi ikisimama mbele ya nyumba yake usiku, tumbo lake linakuwa baridi kabla hajaona ni nani anayeshuka. Mama mmoja wa kwaya alituambia baadaye kwamba tulipokwenda kumwombea mume wake mgonjwa, watoto wake walikimbilia shambani, wakarudi asubuhi. Sisi tulifikiri watoto wale hawana adabu.

Rudini sasa kwa Musa. Alijifunika kitambaa kwa sababu watu waliogopa mwanga wa uso wake. Sisi hatuna mwanga wa kuwaogopesha watu. Tulijifunika kama Musa bila kushuka kutoka mlima wowote, na watu wakaogopa kitambaa. Fikirini pia habari ya Simon Kimbangu, yule mtumishi aliyeanza kazi yake Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Wagonjwa walimfikia kwa miguu, na kati ya mkono wake na kichwa cha mgonjwa hakukuwa na kitu. Kazi hiyo ya wazi ilidumu miezi mitano tu, hata Septemba alipokamatwa. Kisha gereza la miaka 30, mpaka kifo chake Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Miezi mitano ya mikono mitupu imelisha watu wengi mpaka leo. Tunajiuliza miaka yetu ya vioo vilivyofungwa imemlisha nani.

Tulipofika nyumbani hatukulala vizuri. Asubuhi tulikwenda kumtafuta yule kijana. Mama yake alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akabaki amesimama. Alisema kijana yuko mashimoni tangu wiki ile tulipomwondoa. Mnajua shimo ni nini: mvua ikinyesha udongo unaanguka, na kila mwaka tunaimba juu ya wale ambao hawakutolewa. Dola 10 ulikuwa mshahara mdogo, lakini zilimweka juu ya ardhi. Tulipanda kilima mpaka mahali anapofanya kazi, tukiwa tumevaa meupe, na wachimbaji wakasimama kututazama wakidhani mtu amekufa. Alitoka shimoni akiwa na unga mweupe katika nyusi.

Mzee wa kwanza alisema maneno ya kuomba radhi. Kijana aliyasikiliza yote akitazama chini. Tulimpa dola 10 zake na 10 nyingine. Akachukua 10, akarudisha 10. Tukamwambia kazi yake inamngoja. Akasema, "Wababa, kazi tutasema baadaye. Jina langu lilisomwa kanisani."

Basi ndiyo sababu ya karatasi hii. Siku ya Bwana iliyopita, mbele ya kanisa lote, tulisoma ukurasa ule wa kitabu cha baraza, kisha tukasema kwa vinywa vyetu kwamba ni uongo na kwamba waandishi wake ni sisi. Hapa jina lake hatuliandiki, kwa ombi la mama yake, lakini ninyi mliosikia hukumu mmesikia na kufutwa kwake, na mlio mbali mnasoma sasa.

Kwa wenye kutaka kujua habari ya vioo: fime iliyokwaruzwa haifutiki. Ukiisugua unaondoa rangi na kuongeza doa. Dawa yake ni kuitoa yote. Tulilowesha kioo kwa maji ya moto yenye sabuni, tukafunika kwa mfuko mweusi wa plastiki, tukaacha motokari juani mpaka gundi ikalegea, kisha tukaanza kuvuta kutoka pembe moja, polepole, kwa maana ukivuta kwa haraka ngozi inatoka na gundi inabaki. Gundi iliyobaki tuliitoa kwa sabuni na kipande cha plastiki, bila wembe. Ilichukua siku mbili. Kioo kilipokuwa kitupu tulipitisha ukucha tena. Mistari mingi ilikuwa imekwenda pamoja na fime, lakini michache ilikuwa imefika katika kioo chenyewe. Fundi wa Bunia alikuwa ametuambia kwamba ule mwembamba unaweza kusuguliwa kwa unga wa seriamu na maji, lakini ule ambao ukucha unakwama hautoki, na ukiulazimisha kioo kinapinda mwanga kama maji. Tumeuacha. Uko mlango wa mbele, upande wa kushoto, mnaweza kuuona.

Vioo vya nyuma vimebaki vyeusi, kwa kuwa rangi yake ni ya tangu kuzaliwa. Tumekubaliana kuvishusha tukiingia mjini na kwenye kila kijiji. Vumbi linaingia, ni kweli. Na wiki hii tumebeba watu sita kutoka njiani, wawili kati yao wakienda hospitali, na tumefika Bunia tumechelewa.

Baada ya ibada ile kijana hakuondoka mara moja. Alikwenda kwenye motokari, akapita mbele ya wazee, akanyosha mkono, nasi tukampa ufunguo. Akafungua mlango wa kuume. Akapitisha kidole katika raba iliyo chini ya dirisha, kutoka mwanzo hata mwisho, akakitazama, kisha akatuonyesha. Kilikuwa na chembe nyeupe.

"Huu hamjausafisha," akasema.